Misuko Minne

Nalufenya, Jinja
12 Agosti 2024

Wifi yangu Ketty,

Barua hii nampa Magid wa lori la mchele, ataiacha kazini kwako, getini pa gereza, akipita Mbale. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu yangu imekuwa mali ya kikundi. Masomo yetu haya ya habari na filamu yanaendeshwa kwa vikundi: kila kikundi kinatengeneza filamu fupi moja, na Desemba zinaonyeshwa mbele ya watu. Tulipokaa kupanga vifaa, kila mmoja alitoa alichonacho. Bruhan alileta kamera ya baba yake. Topista alitoa nyumba ya shangazi yake kule Mafubira, ile yenye mlango wa buluu. Mimi nilikuwa na simu tu, na kwa bahati inarekodi sauti vizuri, basi siku hizi inalala kwenye begi la Topista. Na wewe mwenyewe unasema simu yako inabaki getini mchana kutwa. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Nikujulishe wenzangu. Topista ndiye mwongozaji. Amemaliza Senior Six, anaongea Kiingereza hata akipiga chafya. Bruhan ni kijana wa hapahapa Nalufenya, baba yake ana studio ya picha za pasipoti. Ni mtu wa swala tano, maneno machache. Mimi niliishia Senior Two, unajua, kwa hiyo waligawana kazi, wakamaliza, halafu wakanitazama. Mwalimu Wanyera akasema, "Jaliah atashika mwendelezo."

Mwendelezo ni hivi. Filamu haipigwi kwa mfululizo. Leo mnapiga mtu akiingia mlangoni, wiki ijayo mnapiga akikaa kitini, na kwa mtazamaji ni dakika ileile. Sasa lazima awepo mtu wa kukumbuka kikombe kilikuwa mkono gani na kifungo kipi kilikuwa wazi. Huyo ndiye mimi. Topista ananiita Mama Kikombe. Kiswahili changu pia anakicheka, anasema nikifungua mdomo tu yeye anaanza kutafuta kitambulisho, kama amesimamishwa na askari. Namwambia ndiyo lugha ya nyumbani kwangu, mume Mwacholi, mimi Mugisu, tungeongea nini?

Sasa ombi. Filamu yetu ni ya mama anayekwenda kutafuta kazi, anamwacha mtoto, kisha anarudi. Mtoto wa kuigiza hatuna. Nikasema ninaye. Naomba Rania kwa mwisho mmoja wa wiki, shule zikifungwa na watoto wote wakiwa nyumbani. Nitakuja kumchukua na nitamrudisha mwenyewe.

Makubaliano yetu ni yaleyale. Desemba nikimaliza, namchukua mwanangu. Hapa tunalala watatu chumba kimoja, la sivyo wewe ungekuwa umepumzika zamani.

Je, analia? Niambie ukweli.

Wifi yako,
Jaliah


Namatala, Mbale
19 Agosti 2024

Mama Rania,

Barua nimeipokea kwa mkono wa Magid. Nakujibu nikiwa zamu ya mchana, geti dogo. Wafungwa wamekwenda shambani, kumetulia.

Mtoto ni mzima. Anakula posho na maharage, na ile mboga ya malakwang ninayoletewa kutoka kwetu anaimaliza na sahani anailamba. Analala vizuri. Halii.

Kuhusu hiyo kazi yako. Mimi nilifundishwa kuangalia watu wasitoke. Wewe unafundishwa kuangalia vikombe visihame. Ukimaliza nitakuombea nafasi hapa, ni kazi moja, ila vikombe havina mawakili. Jirani aliniuliza mke wa kaka yangu anasomea nini, nikamwambia uandishi wa habari. Filamu sikuitaja. Huku mtu akisikia filamu anafikiria wasichana wenye nguo fupi.

Kaka yangu Ojok alipiga simu kutoka kambini kwao Mogadishu. Hakukaa sana hewani, simu yenyewe wanapangiana foleni. Anakusalimia. Alisema mtoto akae mahali penye utulivu. Nikamwambia yupo mahali penye utulivu.

Rania mchukue mwisho wa mwezi. Njoo Ijumaa, umrudishe Jumapili kabla ya giza. Akirudi na homa ya mbu wenu wa mto, mimi na wewe tutaongea lugha nyingine.

Ketty


Nalufenya, Jinja
3 Septemba 2024

Wifi yangu,

Nilipomrudisha mtoto Jumapili ulikuwa unakimbilia zamu, hatukuongea. Kwa hiyo nakusimulia hapa.

Topista ndiye alikuwa aigize mama. Alivaa gomesi ya shangazi yake, akapiga magoti, akanyoosha mikono, akamwita Rania kwa Kiingereza kitamu. Rania akamtazama kama anatazama mtu wa chanjo. Wakajaribu tena, na tena, na pipi. Pipi alichukua, kwa Topista hakwenda. Mwishowe Bruhan akasema polepole, "Si mama yake yupo?" Basi nikasukumwa mbele ya kamera hivyo nilivyo, na mtandio wangu wa kijani.

Tulipiga siku ya kuaga. Mama amekaa kizingitini, mtoto amekaa katikati ya magoti yake, anamsuka. Kisha anasimama anaondoka kupitia ule mlango wa buluu. Nilimsuka kweli, Wifi, kwa uzi mweusi, misuko minne, mmoja ukipita nyuma ya sikio. Hakuna aliyesema "kata" mpaka nikafunga uzi wa mwisho. Mwalimu Wanyera alipoitazama akasema hiyo tusiiguse, iingie yote.

Sehemu ya pili tutaipiga mwisho wa Oktoba. Mama anarudi, mtoto anamkimbilia. Kwenye hadithi zitakuwa zimepita siku chache tu. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na nakuomba sana. Nywele zisiguswe. Zikichakaa nitakuja nizirudie mwenyewe vilevile. Na lile gauni la njano alilovaa, liweke mbali na mkono wake, asilichezee kwenye matope, tutalihitaji tena.

Siku ile kwa kuwa nilikuwa mbele ya kamera, mwendelezo haukuwa na mtu. Sijui kikombe kilikuwa wapi, sijui kitasa kilielekea wapi. Nywele na gauni ndio mwendelezo wote nilio nao.

Njia nzima ya kurudi Mbale alilala begani kwangu, ameshika msuko wake mmoja kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi.

Jaliah


Namatala, Mbale
18 Septemba 2024

Mama Rania,

Tangu umrudishe mtoto sijapata barua yako. Nikasema labda masomo yamekuwa mazito, basi acha niandike mimi.

Muhula umeanza. Rania nimemwandikisha nasari hapa karibu, ndipo wanaposoma watoto wa askari wengi. Amefurahi, anapenda wimbo wa kuosha mikono. Sheria ya shule unaijua, msichana haingii na nywele ndefu, kwa hiyo nilimpeleka kwa kinyozi. Kichwa sasa kinang'aa kama kijiko. Kila mtu anasema amefanana na marehemu mama yetu. Mimi nimeanza kumwita Lamaro, jina la mama, na anaitika.

Sare inamkaa vizuri. Gauni la njano nimeliweka juu ya kabati, mbali na mkono wake, asije akalichezea kwenye matope.

Kuna habari nyingine. Uhamisho wangu umetoka, Januari naripoti Gulu. Nimeongea na Ojok. Anaona ni vema mtoto aende nami. Kule ni kwa baba yake, babu yupo, shamba lipo, watoto wenzake wapo. Wewe utakuwa huru kutafuta hizo kazi za filamu bila mzigo mgongoni. Tumekubaliana hivyo. Ukimaliza masomo utakuja kututembelea, nafasi ya kulala haikosi.

Ketty


Nalufenya, Jinja
26 Septemba 2024

Wifi,

Barua yako ilinikuta kwenye kikundi, nikaisoma palepale. Nilipofika kwenye habari ya kinyozi nilisoma kwa sauti bila kukusudia. Topista akaketi chini. Akasema, "Mama Kikombe, wewe kazi yako ilikuwa moja tu." Ni kweli, ilikuwa moja. Yeye anataka tutafute mtoto mwingine, tuanze upya. Bruhan anasema tumvalishe Rania kofia. Mwalimu Wanyera anasema kazi ni ya kikundi, kikundi kiamue, yeye haingii. Wote wananisubiri mimi niseme kitu.

Acha nikuambie kitu cha kazi yangu. Kosa la mwendelezo huwa dogo. Mtu anaingia chumbani mikono mitupu, akishakaa ana kikombe. Mtazamaji anajiuliza, kikombe kimetoka wapi?

Umeandika kwamba barua yangu hujaipata. Halafu umeandika kwamba gauni la njano umeliweka mbali na mkono wake, asilichezee kwenye matope. Hayo maneno ni yangu, Wifi. Niliyaandika mara moja tu, katika barua hiyohiyo, mstari mmoja chini ya habari ya nywele.

Sikumuuliza Magid kama aliifikisha. Sitaki kumfanya shahidi. Nakuuliza wewe.

Na la Gulu sijui niliandikeje. Ojok amekubali, wewe umekubali. Mimi katika makubaliano hayo ni nani? Nilimwacha mwanangu kwako mpaka Desemba. Sikusema mpaka utakapohamishwa. Sikusema mpaka atakaponyolewa.

Si mzigo. Nani amekuambia ni mzigo?

Jaliah


Namatala, Mbale
5 Oktoba 2024

Jaliah,

Barua niliipata. Ilikuwa kwenye mfuko wa sare yangu siku niliyompeleka kwa kinyozi.

Na shule wangempokea hivyo alivyo mpaka mwezi uishe, mwalimu mkuu ananijua. Kwa hiyo sitajificha nyuma ya shule.

Nilikuandikia kwamba halii. Hilo ni kweli, na si kweli. Jioni, ukifika wakati wa kulala, alikuwa anakaa kwenye mkeka, anashika ule msuko wa nyuma ya sikio, anasema, "Mama alisuka." Basi. Hakuna machozi. Anasema tu, kama wafungwa wapya wanavyotaja majina ya watoto wao bila kumwambia mtu. Nikitaka kumwosha kichwa anakifunika kwa mikono miwili. Uzi ukidondoka anauokota anauficha chini ya mto.

Kazi yangu ni kukaa na watu wanaosubiri. Natoka kule nimechoka nao, nafika nyumbani namkuta mwingine, mdogo, amekaa mkekani. Nikasema nywele hizi zikiondoka atapumzika. Kwa kinyozi alitulia kabisa, hata kinyozi alimsifu. Usiku ule alilala kabla sijafunika sufuria. Na wiki hiyohiyo akaanza kuniita mama. Sikumfundisha. Wala sikumkataza.

Nina umri wa kuwa na watoto wakubwa, Jaliah, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Siandiki ili unihurumie. Naandika kwa sababu umeuliza kikombe kimetoka wapi.

Gulu iko palepale. Ojok hajabadilisha na mimi sijamwomba abadilishe.

Ketty


Nalufenya, Jinja
14 Oktoba 2024

Wifi,

Niliandika barua ya kwanza, nikawashia jiko. Ya pili pia. Hii ni ya tatu na naona imepoa kidogo.

Topista alileta mtoto mwingine, mpwa wake, binti mzuri, analia kwa amri kama bomba. Ukisema "eksheni" machozi, ukisema "kata" anaomba soda. Tulimpiga picha mara moja tu. Bruhan akazima kamera. Topista akamuuliza, "Sasa wewe bwana, nini tena?" Bruhan akasema, "Huyu hajawahi kuachwa na mtu." Wakagombana mpaka shangazi mwenye nyumba akaja kutufukuza kwa ufagio, sisi na vifaa vyetu.

Lakini nakwambia Topista si mtu mbaya. Kesho yake alikuja asubuhi, macho mekundu, ameandika hadithi upya. Si siku chache tena. Ni muda mrefu. Mama anarudi anamkuta mtoto na kichwa kingine. Alisema mtazamaji hatauliza nywele zimekwenda wapi, atauliza mama alikuwa wapi. Nilimtazama. Nadhani hakujua amesema nini.

Kwa hiyo tunamhitaji Rania, na kichwa chake hivyohivyo, Jumamosi tarehe ishirini na sita. Safari hii sitakuja kumchukua. Mlete wewe. Hata ukibadilishana zamu na mtu, tafadhali. Sitaki apite mikononi mwa watu kama kifurushi cha Magid. Ukae pale nyuma ya mlango, akuone, asiogope.

Msichana mmoja wa chumbani kwetu amehama. Mama Nulu, mwenye nyumba, amesema mtoto anaweza kuja, bora asivute mapazia yake. Msikiti una nasari ya asubuhi. Nakuambia ili ujue nimeuliza kabla ya kuzungumza.

Mambo ya Gulu tuyaongee mimi na wewe, uso kwa uso. Nimechoka kujadiliana na foleni ya simu ya Mogadishu.

Ulichoandika kuhusu uzi chini ya mto nimekisoma mara nyingi. Sijui nikushukuru au nikugombeze. Njoo tu.

Jaliah


Namatala, Mbale
30 Oktoba 2024

Jaliah,

Nilifika salama. Tangu nimwache mtoto kwako nyumba ina ukimya, sufuria ndogo inatosha.

Nguo za Lamaro, yaani za Rania, nimempa Magid kwenye mfuko wa mchele. Nimeweka na sare, hata huko kwenye nasari ya msikiti anaweza kuivaa ndani ya hijabu yake, nani atajua. Uzi wa chini ya mto umo pia, nimeufunga kwenye karatasi. Nilitaka kuutupa nikaona si wangu wa kutupa.

Sasa nina swali, na nimelibeba tangu Jumamosi. Yule kijana wenu Bruhan ana nini?

Nilikaa nyuma ya mlango kama mlivyonipanga. Topista alipiga kelele "eksheni" mpaka watu wa Mafubira wakatoka kuuliza nani anapigwa. Mtoto hakukukimbilia. Kila mara alifika katikati ya chumba, akasimama, akarudi kwangu. Na kila mara mimi nilimsukuma kidogo mgongoni, kwa vidole. Wewe hukuona. Mlipochoka wote, ukakaa chini pale kizingitini, Topista amejifunika uso kwa karatasi zake, ndipo mtoto alipokuja kwako mwenyewe, bila kuitwa na mtu. Akavuta mtandio ukaanguka.

Sikujua kwamba umesuka. Misuko minne, Jaliah. Hata ule wa nyuma ya sikio. Aliutazama, akaupitia kwa kidole mpaka mwisho, halafu akaushika, akajilaza.

Na wakati huohuo, ambao ndio tulisafiri kwa ajili yake, yule kijana akaigeuza kamera ukutani! Na yeye mwenyewe akageuka akatazama ukuta kama mtu aliyeadhibiwa. Alichoka na mtoto? Au kazi haijui? Angekuwa askari wangu ningemlaza ndani.

Ojok amepiga. Nimemwambia Gulu nakwenda peke yangu. Akabisha, akataja baba, akataja ukoo. Nikamwambia, kaka, mimi nimefunga na kufungua mlango miaka yote hii. Siku ya mtu ikifika unafungua, hata kama umeshamzoea. Akanyamaza. Ojok akinyamaza ametia saini, unamjua.

Kichwa mpake mafuta ya simsim akitoka kuoga. Yamo kwenye chupa ndogo, mfuniko ukaze.

Ketty


Nalufenya, Jinja
8 Desemba 2024

Wifi yangu Ketty,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikujibu filamu ikiwa imekwisha. Imekwisha. Tuliionyesha juzi, ukumbi ulijaa, hata Mama Nulu alikuja, akakaa mbele, akawa anawaeleza watu kwamba yeye ndiye msusi.

Kwanza Bruhan, usimkasirikie. Kichwa changu kilikuwa wazi. Kwenu labda ni nywele tu. Kwake yeye mtandio wa mwanamke ukianguka, mwanamume anageuka, na kamera ni jicho kama jicho lingine. Topista alimtukana wiki nzima. Alisema tumesoma mwaka mzima, na picha tuliyoisomea iko ukutani. Bruhan alikuwa anatazama viatu vyake, akasema, "Ile haikuwa ya kutazamwa na mimi, dada Topista. Wala na Jinja nzima." Nilitaka kumwambia asante, nikamkaangia chapati.

Umeuliza mengine kwa kutouliza. Kwa nini nilisuka? Mama Nulu alinisuka siku mbili kabla, nikimwelekeza kila mstari upite wapi. Haikuwa kwa ajili ya kamera, nilijua mtandio utafunika. Nilifikiri tu, kama hazipo kichwani mwake, basi ziwepo mahali. Mtu wa mwendelezo asipozitunza, nani atazitunza?

Sasa sikiliza. Picha hatukuipata, lakini simu yangu ilikuwa chini ya mkeka inarekodi, na katika zogo lile hakuna aliyekumbuka kuizima. Kwa hiyo filamu yetu inaishia hivi. Mama amekaa kizingitini, amechoka. Mtoto mwenye kichwa kipya anakuja kutoka upande wa pili. Halafu picha inahama ghafla, unabaki ukuta mweupe na kivuli cha mlango. Kuanzia hapo ni sauti tu. Unasikia mtandio ukianguka, sauti ndogo, kama mtu anafunua ukurasa. Unasikia mtoto anavuta pumzi. Halafu Rania anasema, "Mama."

Na hapo wanaitika wawili.

Mimi nasema, "Wangi," kama tunavyoitika huku kwetu. Na nyuma ya mlango, kwa sauti yako hiyo ya geti, wewe unasema, "Eeh." Kwa pamoja, Wifi. Hakuna aliyetangulia. Siku ile sikukusikia. Sidhani kama wewe ulinisikia.

Kabla ya kuonyesha, Mwalimu Wanyera alitukalisha. Alisema mtazamaji atachanganyikiwa, kwenye hadithi mama ni mmoja, tuondoe sauti moja. Topista akauliza, "Ipi?" Kisha wote wakageuka wakanitazama, kwa sababu mwendelezo ni kazi yangu.

Nilisema siku ile pale nyumbani tulikuwa wawili, kwa hiyo hakuna kosa la kurekebisha. Tukaziacha zote. Mwalimu aliandika kitu kwenye karatasi yake, sijui nini, lakini tumefaulu.

Rania alikuwa mapajani mwangu ukumbini. Ukuta ulipokuja alitulia. Sauti yako ilipoitika alisimama, akautazama mlango wa ukumbi, akaendelea kuutazama mpaka taa zikawashwa. Nilimwambia uko Mbale bado. Akaniuliza kama mlango wa Mbale ni wa buluu.

Ukienda Gulu Januari, usipite moja kwa moja. Anza kwa kuteremka huku Jinja kwanza, najua si njia yako, ulale hapa. Kitanda cha yule msichana aliyehama bado kipo. Kuna studio ya video za harusi hapa mjini imeniita nikajaribu, nikae na mhariri, niangalie vikombe vya maharusi. Nina matumaini. Tutazoea.

Nywele zake zimekua, sasa zinashikika kwa vidole. Mafuta ya simsim yanakaribia kwisha. Jana nilimkalisha katikati ya magoti nianze kusuka, akafunika kichwa kwa mikono miwili, kama ulivyoniandikia. Akasema tumsubiri kwanza. Nikamuuliza, tumsubiri nani, shangazi? Akanisahihisha. Akasema, "Mama Ketty."

Sikumfundisha. Wala sikumkataza.

Wifi yako,
Jaliah